Waya wa kabureta kwenye 700R4 haushushi gia tu

Wengi wanaofunga gia boksi ya otomatiki ya 700R4 kwenye magari ya zamani ya Kimarekani huamini kuwa waya unaotoka kwenye kabureta ni wa kushusha gia tu, dereva anapokanyaga mafuta ghafla. Imani hiyo ina asili yake: kwenye TH350, gia boksi ya otomatiki ya zamani zaidi, ndivyo ulivyo, maana huko presha ya oili ya gia boksi hufuata mvuto wa hewa wa injini. Kwenye 700R4, iliyoanza 1982, waya huo ndio unaopandisha presha. Ukilegea, klachi za ndani ya gia boksi huteleza na kuungua, pengine katika safari fupi tu. Ili kuhakiki, zima injini, mwenzako akanyage pedeli hadi mwisho: kabureta ifunguke yote na waya uvutike wote, kwa wakati mmoja. Mwenye geji apime presha pia.