Mwanafunzi mtu mzima, unasomea nini?

Kila Septemba, Juma la Elimu ya Watu Wazima linapokaribia, wananchi hutuuliza sisi wawezeshaji, yaani walimu wa watu wazima, maswali yale yale: ada ni kiasi gani, cheti kinatoka lini. Ni haki yao. Ila swali linaloamua kama mtu atamaliza au ataishia njiani silisikii: haya ninayosoma yananihusu nini?

Wapo wanaoshikilia kwamba elimu ya watu wazima ni ya vikongwe wasiojua kusoma. Sivyo, na tumeshalisema mara nyingi. Madarasani wamo mabinti waliokatisha sekondari kwa ujauzito, wamo waendesha bodaboda, wamo mama lishe.

Mama lishe mmoja aliacha hisabati mara mbili. Asilimia zilimshinda, akasema kichwa kimezeeka. Mwezeshaji akamwomba aje na daftari lake la madeni: kaunta buku lenye madoa ya mafuta, majina ya wateja kushoto, fedha kulia. Wali maharage 2,000. Chai na chapati mbili 1,500. Wakajumlisha madeni ya wiki moja, yakafika 60,000. Chakula chote alichotoa wiki hiyo kilikuwa cha 240,000. Alipoelezwa kuwa hiyo ndiyo asilimia 25, alinyamaza, kisha akauliza: "Kwa hiyo mwalimu, kila sahani nne, moja nakopesha?" Tangu siku hiyo hakukosa kipindi cha hisabati.

Wawezeshaji wenzangu, hili si jipya kwetu. Mwalimu Nyerere alipoutangaza 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, kanda ya Ziwa tayari ilikuwa na mradi wa kisomo uliofundisha herufi kupitia pamba, migomba na uvuvi. Kampeni ya Mtu ni Afya, mwaka 1973, ilikusanya takriban watu milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio. Somo likiisha, watu walikwenda kuchimba vyoo. Leo mwezeshaji anaingia na notisi za kidato cha kwanza, anazisoma kwa imla hadi muda uishe, halafu anashangaa darasa limebaki na watu sita. Mtu mzima akiuliza "hii itanisaidia nini?" hajakosa adabu. Ajibiwe.

Kwa wanaokwenda kwenye Mtihani wa Maarifa, maarufu QT (Qualifying Test), unaompa mtu sifa ya kufanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea, zingatieni yafuatayo. Usajili hufanyika kupitia kituo cha watahiniwa wa kujitegemea. Majina yaandikwe herufi kwa herufi kama yalivyo kwenye vyeti vyako. Ada hulipwa kwa kumbukumbu namba ya malipo, si mkononi kwa mtu yeyote, hata akiwa mwalimu wako. Anayechelewa hulipa faini. Usajili ukifungwa, husubiri mwaka mwingine. Anayemtuma mtu amfanyie mtihani hufutiwa matokeo, na wote wawili wanaweza kufikishwa mbele ya vyombo vya sheria. Masomo uliyojisajili ndiyo utakayotahiniwa, kwa hiyo usichague kwa kuwa shoga yako kachagua.

Siku ya kujiandikisha darasani, pamoja na cheti cha kuzaliwa, njoo na karatasi moja iliyowahi kukushinda: mkataba wa mkopo, kadi ya kliniki ya mtoto, risiti ya pembejeo. Mkabidhi mwezeshaji. Kipindi cha kwanza kianzie hapo.