Je, wajua kwa nini blokicheni haisahau jina lako?

Tuseme umepanga chumba Kisauni, na dipoziti yako haishikwi na mwenye nyumba bali na mkataba mahiri, yaani programu inayokaa kwenye blokicheni (daftari la kidijitali linalotunzwa na kompyuta nyingi kwa pamoja) na ambayo yenyewe hukurudishia pesa masharti yakitimia. Hakuna kuambiwa "rudi kesho". Ila aliyeiandika alitia humo jina lako na namba ya kitambulisho. Sasa umehama, unataka vifutwe.

Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya 2019, kifungu cha 40, inakuruhusu kudai data isiyohitajika tena ifutwe. Lakini umdai nani? Daftari la blokicheni limenakiliwa kwenye maelfu ya kompyuta, na kila bloku, yaani fungu la kumbukumbu zake, hubeba alama ya kihesabu inayokokotolewa kutokana na yaliyomo kwenye bloku iliyoitangulia. Ukibadilisha herufi moja ya zamani, alama zote zinazofuata hazilingani tena.

Mambo yaliwahi kupinduliwa, kweli. Mwaka 2016 mdukuzi alichota ether kama milioni 3.6 kutoka mkataba wa The DAO, mfuko wa uwekezaji wa pamoja kwenye blokicheni ya Ethereum ambayo sarafu yake ndiyo ether, na watumiaji wengi wakakubaliana kulibadilisha daftari ili pesa zirudi. Waliokataa walibaki na Ethereum Classic, ambayo ipo hadi leo, na humo wizi ule haukutenguliwa. Ni nani atakayeitisha makubaliano kama hayo kwa ajili ya mpangaji wa Kisauni?

Ndiyo maana waandishi waangalifu wa programu hizi huacha data nje, kwenye hifadhidata inayofutika, wakaweka kwenye blokicheni alama yake tu. Na hapo pana mtego. Namba ya kitambulisho ya tarakimu nane haina zaidi ya michanganyiko milioni 100; kompyuta ya kawaida huijaribu yote upesi mpaka ipate inayotoa alama ileile. Dawa ni kuichanganya namba na mfuatano mrefu wa nasibu unaotunzwa nje vilevile. Vyote viwili vikifutwa, alama inabaki lakini haimfikishi mtu kwako.

Kuna na kifungu cha 35 cha sheria hiyohiyo, ambacho kwa maoni yangu ndicho kigumu zaidi. Mashine ikiamua peke yake kukunyima dipoziti, una haki ya kujulishwa kwa maandishi na kuomba uamuzi uangaliwe upya. Mkataba usioachiwa njia ya binadamu kuusimamisha hauwezi kulitimiza hilo, hata kama haukuandika jina la mtu yeyote.