Udongo hai ndani ya ndoo

Kila asubuhi, kabla sijatazama jani hata moja la nyanya zangu, huchimbua kidogo kwa kidole na kunusa. Udongo ulio hai hunukia kama ardhi iliyopata mvua ya kwanza. Harufu hiyo ni ya jeosmini, kemikali inayotengenezwa hasa na bakteria wa jamii ya Streptomyces, na nikiipata najua mambo yanakwenda vizuri huko chini. Siku nikikutana na harufu ya yai bovu, najua maji yamezidi, hewa imekwisha na mizizi inakosa pumzi.

Nimefanya kazi ya udongo kwa miaka mingi, na swali ninaloulizwa kuliko yote ni "niweke mbolea gani?" Kwa anayelima kwenye vyombo kwa njia ya asili, mimi humrudisha nyuma hatua moja. Mmea hauli samadi. Mzizi hunyonya virutubisho vilivyokwisha kuyeyuka kwenye maji, na kazi ya kuvitoa ndani ya samadi na majani makavu hufanywa na viumbe wadogo. Mmea nao huwalipa. Sehemu ya sukari inayotengenezwa kwenye majani hushushwa hadi mizizini na kuachiliwa udongoni, nao bakteria huifuata kwa wingi. Eneo hilo jembamba linalouzunguka mzizi ndilo Mjerumani Lorenz Hiltner aliloliita rizosfia mwaka 1904. Wanapojaa bakteria, huja protozoa, viumbe wa seli moja, na nematodi, minyoo midogo sana, kuwala. Bakteria wana naitrojeni nyingi kuliko anayoihitaji mlaji wao, basi inayozidi hutolewa kama taka, karibu kabisa na mzizi unaoisubiri. Huo mzunguko wa kulana ndio unaolisha nyanya yako.

Kuna pia mikoriza, yaani kuvu wanaoungana na mizizi na kutandaza nyuzi zao mbali kuliko mzizi unavyoweza kufika, wakirudi na fosforasi. Nyanya, pilipili hoho na kunde hunufaika sana nao. Kabichi na jamaa zake hawaungani nao kabisa, kwa hiyo usipoteze pesa kununua kuvu hao kwa ajili ya kabichi.

Sasa, ndoo si shamba. Shambani maji yakizidi hushuka chini, na mzizi ukisikia joto unakwenda kina zaidi. Ndani ya ndoo hakuna pa kukimbilia. Ndiyo sababu napendelea chombo kikubwa: lita 20 kwa mche mmoja wa nyanya ndicho kiwango cha chini ninachokubali, na lita 40 zinanipa amani, kwa kuwa udongo mwingi haupati joto wala kukauka haraka, na viumbe wake hawayumbi. Toboa matundu ya kutosha chini. Na tafadhali, acha kuweka kokoto chini ya udongo. Najua wengi tumefundishwa hivyo, lakini maji hayavuki kirahisi kutoka kwenye udongo laini kwenda kwenye kokoto. Hujikusanya juu ya kokoto kwanza, na ile tabaka yenye unyevu mwingi inasogezwa juu, karibu zaidi na mizizi.

Mchanganyiko wangu ni rahisi: theluthi moja mboji iliyoiva, theluthi moja nyuzi za makumbi ya nazi zilizooshwa kuondoa chumvi, na theluthi moja kitu cha kuleta hewa, kama mawe mepesi ya volkano au maganda ya mpunga. Neno la kuzingatia ni *iliyoiva*. Mwaka mmoja nilikuwa na haraka, nikachanganya mboji iliyokuwa bado imejaa vumbi la mbao. Miche yote iligeuka njano ndani ya wiki mbili. Vumbi la mbao lina kaboni zaidi ya mara 200 ya naitrojeni yake, wakati viumbe wanaoozesha wanataka chakula chenye uwiano wa karibu 25 kwa 1. Wakikosa naitrojeni ndani ya mbao, huichukua kutoka kwenye udongo, na mmea unabaki na njaa. Iliniuma kupoteza miche ile. Tangu hapo, nikishachanganya udongo, naulowesha kidogo, naufunika na kuuacha mwezi mzima kabla ya kupanda.

Juu naweka matandazo ya majani makavu, unene wa vidole vitatu hivi, nisiyagusishe shina. Chini yake minyoo wekundu hupanda na kushuka, wakifanya kazi ambayo jembe lingeiharibu.

Kumwagilia ndiko kunakoshinda wengi. Mwaga kidogo kidogo na mara kwa mara, udongo ubaki na unyevu wa kitambaa kilichokamuliwa. Ukiuacha ukauke kabisa kisha uugharikishe, utaona matunda yakioza kitako. Watu hudhani kalsiamu imepungua, wakakimbilia kuongeza chokaa, ilhali mara nyingi kalsiamu imo tele udongoni. Husafiri na maji, na maji yakikatika nayo haifiki kwenye tunda.

Msimu ukiisha siing'oi mimea. Nakata shina usawa wa udongo na kuacha mizizi ioze mahali pake, maana njia zake zitapitisha hewa na maji kwa mmea ujao. Ila kama mche ulinyauka ghafla, au mizizi ina mafundo ya nematodi waharibifu, hapo natoa kila kitu na sirudishi nyanya kwenye chombo hicho.

Baada ya nyanya hupanda kunde. Wiki kadhaa baadaye nachimbua mche mmoja na kupasua vile vinundu vya mizizini kwa ukucha. Vikiwa na rangi ya waridi ndani, bakteria wake wanakamata naitrojeni ya hewani, nami huuacha udongo huo uendelee bila kuuongezea chochote.