Leseni Zilizouzwa Si Kompyuta Zinazotumika

Mfumo endeshi mpya ukitoka, takwimu ya kwanza kutangazwa mara nyingi huwa ya leseni zilizouzwa. Isomwe kwa tahadhari. Microsoft ilizindua Windows 8 tarehe 26 Oktoba 2012. Mwezi mmoja baadaye ilitaja leseni milioni 40, na kufikia Mei 2013 milioni 100. Leseni hizo zilijumuisha zilizonunuliwa na watengenezaji kwa ajili ya mashine ambazo huenda zilikuwa bado ghalani. Baadhi ya leseni pia humruhusu mnunuzi kurudi kwenye toleo la zamani, hivyo kompyuta huhesabiwa ya Windows 8 huku ikiendesha Windows 7.

Afadhali idadi ya vifaa vilivyotumika ndani ya siku 28, kipimo ambacho Microsoft ilikitumia kwa Windows 10. Hata hapo, soma maandishi madogo: bilioni moja iliyotangazwa Machi 2020 ilikuwa na Xbox One, mashine ya michezo ya video, ndani yake. Tena toleo hilo lilitolewa bure kwa mwaka mzima kwa wenye Windows 7 na 8.1, kwa hiyo kulilinganisha na lililouzwa ni kuonea lile la kuuzwa.

Kampuni za nje kama StatCounter huhesabu kurasa za tovuti zilizofunguliwa, wala si watu. Mtu mmoja anayeperuzi kutwa huwazidi kumi wanaofungua barua pepe tu. Kuna mtego mwingine: vivinjari kwenye Windows 11 bado hujitambulisha kwa jina la kawaida kama “Windows NT 10.0”, sawa na Windows 10. Kuyatofautisha matoleo hayo mawili kunahitaji taarifa ya ziada, ambayo kivinjari cha Firefox hakiitoi.

Ushindani ukiongezeka, swali ni asilimia ya nini. Kwenye kompyuta za mezani na mpakato Windows inaongoza. Ukiingiza simu na vishikwambi, Android huipita. Mfumo unaweza kupanda ndani ya kundi linalosinyaa.

Angalia pia sababu ya kupanda. Windows 11 inadai chipu ya usalama TPM 2.0, RAM ya GB 4 na hifadhi ya GB 64, na usaidizi wa kawaida wa Microsoft kwa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Anayehama kwa shinikizo hilo hajaupenda mfumo. Amefungiwa mlango wa nyuma.

Kwa ofisi yako, usitegemee risiti. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika winver, kisha nukuu toleo la kila mashine. Rudia kila mwezi, ukitenganisha mashine mpya na zilizopandishwa toleo. Hizo za pili ndizo zinazoonyesha kama watu wako wameridhia kuhama.