Kiwango cha kuua nusu: dawa ya magugu na samaki wa maji baridi

Mnunuzi wa samaki hapa Mombasa haulizi mengi. Hufunua shavu kwa kidole: likiwa jekundu anatoa pesa, likiwa limepauka anahamia meza ya pili. Basi shavu hilohilo ndilo linaloumia kwanza dawa ya magugu inapoingia majini, hasa kwa tilapia na kambare wanaofugwa kwenye mabwawa yaliyopakana na mashamba.

Ukali wa dawa hupimwa kwa kiwango cha kuua nusu. Samaki hutiwa kwenye matangi, kila tangi na kipimo chake cha dawa, na baada ya saa 96, yaani siku 4, waliokufa huhesabiwa. Kipimo kinachokadiriwa kuua nusu yao ndicho kiwango chenyewe. Namba ikiwa ndogo, dawa ni kali. Ni rahisi kuisoma kinyume.

Chukua glaifoseti, iliyoingia sokoni mwaka 1974. Huua gugu kwa kuzuia kimeng'enya ambacho mimea inacho na wanyama hawana, ndiyo maana husemwa kwamba haina neno na samaki. Lakini majaribio yaliyochapishwa mwaka 1979 yalionyesha kwamba kwa trauti, samaki wa mito ya milimani, kiwango cha glaifoseti tupu kilikuwa miligramu 140 kwa lita. Kwa dawa iliyokwisha changanywa, kama inavyouzwa dukani, zilitosha miligramu 8.3 za glaifoseti iliyomo. Fikiria lile tangi la lita 1,000 juu ya paa: gramu 140 kwa upande mmoja, gramu 8 na ushei kwa upande wa pili. Aliyeleta tofauti ni mwenzake glaifoseti, kitu cha jamii ya sabuni kinachotiwa ili dawa ishike kwenye jani isichuruzike. Utando wa shavu ni mwembamba mno, na sabuni hiyo huuchubua. Mwili wa samaki wa maji baridi una chumvi kuliko maji anamoishi. Utando ukiharibika, chumvi inamtoka na pumzi inamwishia.

Kasoro ya kipimo hiki, kwa maoni yangu, ni kwamba kinajua kuhesabu maiti tu. Samaki aliye hai siku ya nne huandikwa mzima, hata kama shavu limevimba. Atrazini, dawa nyingine ya magugu, imeonekana kufifisha uwezo wa kunusa wa samoni, samaki anayetoka baharini kurudi kuzaa kwenye mto alikozaliwa, naye hutegemea pua kuujua mto wake na kumjua mwenzi wake. Hajafa, sawa. Je, atazaa?

Kisha kuna mabwawa yenyewe. Mkono wa bahari wa Mtwapa hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, lakini maji ya bwawa hayana pa kwenda. Dawa ikiua majani yaliyomo, yanaoza, na kuoza kunakula oksijeni. Alfajiri utawakuta tilapia wamejaa juu, vinywa wazi, wakihema. Pima maji hayo, na huenda ukakuta dawa iko chini kabisa ya kiwango cha kuua nusu.