Kumpima farasi mchanga wa mbio: aliyoyafanya na aliyoyabakiza

Farasi wa miaka miwili anapowaacha wenzake mbali katika mbio zake za kwanza, swali ninaloulizwa mara nyingi ni kama huyo ndiye bingwa wa mwaka ujao. Jibu langu huwa kwamba bado hatujui amemshinda nani. Sisi tunaokadiria farasi kwa alama hatuna kigezo kingine cha uhakika zaidi ya kuwafuatilia walioshindwa, kwa sababu ushindi wa farasi mtoto dhidi ya watoto wenzake ambao hakuna aliyewahi kuwaona wakikimbia ni dai tu, na wanaokuja kulithibitisha au kulikanusha ni hao walioachwa nyuma.

Mfano ninaoupenda kuutumia ni wa Frankel, farasi wa Uingereza ambaye hakuwahi kushindwa, kwa kuwa kumbukumbu za mbio zake zote zipo wazi. Tarehe 13 Agosti 2010 alikimbia kwa mara ya kwanza huko Newmarket, Uingereza, maili moja kwenye ardhi iliyolowa, akashinda kwa nusu tu ya urefu wa farasi. Mtu aliyeangalia pengo peke yake angeandika kwamba ni farasi mzuri wa kawaida. Lakini aliyekuwa wa pili alikuwa Nathaniel, ambaye Julai 2011 alishinda King George huko Ascot na mwaka uliofuata akatwaa Eclipse, zote mbio za daraja la juu kabisa, na wa tatu, Genius Beast, naye akaja kushinda huko Sandown mbio za majaribio ya Derby, mbio kuu za farasi wa miaka mitatu. Nusu ile ya urefu, ukiisoma kwa kurudi nyuma mwaka mmoja baadaye, ina uzito kuliko pengo la urefu wa farasi 13 alilolipata kwenye uwanja wa Doncaster mwezi uliofuata mbele ya wapinzani wawili tu.

Kwa wasioijua hesabu yenyewe, urefu wa farasi mmoja ni takriban mita 2.4, na katika mbio za maili moja tunauhesabu kuwa sawa na karibu kilo moja ya uzito aliobebeshwa mgongoni. Katika mbio fupi urefu huohuo una thamani kubwa zaidi, na katika mbio ndefu thamani hiyo hupungua. Hesabu hii ni muhimu, ila ina mtego: farasi aliyekwisha kushindwa huachwa tu na mpanda farasi wake amalizie polepole, hivyo pengo la farasi kumi linaweza kuwa kweli la farasi sita. Kwenye Royal Lodge, mbio za farasi wa miaka miwili, Septemba 2010, Frankel alishinda kwa pengo la farasi kumi, na wa tatu alikuwa Treasure Beach. Ungemwandika Treasure Beach kuwa farasi wa daraja la chini kwa siku hiyo, ungempoteza mshindi wa Irish Derby ya 2011, aliyehitaji tu muda wa kukua na umbali mrefu zaidi. Kwa hiyo mimi humpa kila aliyeshindwa ukurasa wake, tena kwa uangalifu uleule ninaompa mshindi.

Mwisho wa msimu ule wakadiriaji rasmi walimpa Frankel alama 126, sawasawa na Dream Ahead, ingawa Frankel alikuwa amemshinda waziwazi kwenye Dewhurst, mbio kubwa za farasi wa miaka miwili, mwezi Oktoba. Wengi walilalamika. Mimi naona uamuzi ule ulikuwa na msingi, kwa sababu Dream Ahead alikuwa ametoka kushinda mbio za Middle Park kwa pengo la farasi tisa wiki mbili tu kabla, na mtoto wa miaka miwili harudi katika hali yake kwa haraka namna hiyo. Mwaka 2011 Dream Ahead alishinda July Cup, mbio kubwa za kasi, na kwa ushindi huo thamani ya Dewhurst nzima ikapanda.

Baada ya karatasi huja mwili. Katika nusu ya kaskazini ya dunia kila farasi wa mbio huongezewa mwaka tarehe 1 Januari, hata kama alizaliwa Mei, kwa hiyo mashindano ya watoto hukutanisha walioachana kwa miezi minne katika umri ambao miezi minne ni mingi sana. Farasi wanapozungushwa kabla ya mbio, mimi husimama mbele yao na kutazama magoti: goti ambalo bado ni duara na limevimba kidogo juu ya kiungo linaonyesha mfupa ambao haujamaliza kukua. Kisha huhamia ubavuni kuona kama kwato ya nyuma inatua mbele ya alama ya kwato ya mbele, dalili ya hatua ndefu iliyolegea. Farasi anayeshinda akiwa bado na nyonga za juu kuliko mabega ananifurahisha sana, maana ana nafasi ya kujaza. Yule aliyekwisha kukamilika, mwenye misuli ya mtu mzima, huenda tayari ametoa kila alichonacho.

Arazi ndiye anayenifanya niwe mwangalifu. Novemba 1991 aliwapita wote kwenye Breeders' Cup Juvenile, mbio kubwa za farasi wa miaka miwili huko Churchill Downs, Marekani, kwa namna ambayo bado inasisimua kuitazama; baada ya hapo akapasuliwa magoti yote mawili, na Mei 1992, akiwa ndiye anayetegemewa zaidi, akamaliza wa nane katika Kentucky Derby.

Nasaba naitumia kukisia umbali tu, siyo kipaji. Baba wa Frankel, Galileo, alishinda Derby ya 2001 kwenye maili moja na nusu, ilhali mama yake, Kind, alikuwa wa mbio fupi. Kilichoamua kilikuwa tabia ya Frankel mwenyewe: alikuwa akivuta lijamu kwa nguvu mno, na mkufunzi wake, Henry Cecil, akachagua kumbakiza kwenye maili moja kwa muda mrefu badala ya kumpeleka Epsom, kunakokimbiwa Derby. Nauona kuwa uamuzi bora kabisa wa taaluma yake.

Hapa Nairobi, kwenye uwanja wa Ngong, njia hiihii inafaa hata zaidi, kwa kuwa farasi ni wachache na hukutana tena na tena, na hivyo dai la mshindi hujaribiwa mapema. Mwenye farasi akiniomba alama baada ya mbio za kwanza, humwandikia alama mbili: ya aliyoyafanya, kwa wino, na ya anayoweza kuyafanya, kwa penseli, pamoja na majina ya wale watatu waliomfuata, ili tuwafuatilie wote kabla ya kumlipia kiingilio cha mbio kubwa.