Vibao vya Brando: kilichombeba na kilichomwangusha

Kuna uigizaji utakaoukuta karibu kila kikundi kinapopiga filamu hapa Mtwara mjini, kuanzia Chikongola hadi Shangani. Kijana aliyepewa nafasi ya tajiri au mzee wa mtaa anatuna mashavu, anashusha sauti mpaka kipaza sauti hakiambulii kitu, kisha anakaa kimya sekunde tano nzima ndipo aitikie salamu. Huyo anamwiga Marlon Brando, mwigizaji wa Marekani, awe anamjua au hamjui. Ameirithi kutoka kwa mwingine, naye aliitoa kwenye The Godfather ya 1972, ambamo Brando ni mzee mkuu wa genge la mafia.

Tuanze na hayo mashavu. Kwenye majaribio Brando alijaza vitu laini mdomoni, hilo ni kweli. Lakini wakati wa kupiga filamu yenyewe alivaa kifaa cha meno ya chini kilichotengenezwa kwa kipimo cha mdomo wake, chini ya usimamizi wa mtaalamu wa urembo Dick Smith. Leo kimewekwa kwenye jumba la makumbusho la Museum of the Moving Image, New York. Pamba wanayojaza wanaomwiga haifai, na sababu ni ya kawaida tu: inanyonya mate. Dakika kumi baadaye imesinyaa, shavu limeshuka, na matamshi ya "s" na "t" si yale ya shoti ya kwanza. Mhariri akiunganisha vipande, mzee mmoja anakuwa na sauti mbili ndani ya sentensi moja. Kama huna fundi wa meno wa kukuchongea kifaa, uache mdomo kama ulivyo, upunguze kasi ya pumzi. Uzee unaanzia kifuani.

Jambo kubwa zaidi ni vibao, yaani maandishi ya kusomea mistari. Brando hakupenda kukariri. Mistari yake iliandikwa kwa herufi kubwa ikabandikwa kwenye fanicha, ukutani, nyuma ya kamera. Kuna picha inayomwonyesha mwigizaji mwenzake Robert Duvall kabandikwa kibao kifuani. Hoja ya Brando ilikuwa kwamba katika maisha mtu hajui atasema nini mpaka aseme, hivyo mwigizaji anayejua mstari wake sana huonekana anaujua. Hoja hii ina ukweli. Jicho linalotafuta neno linafanana na jicho la mtu anayefikiri.

Wanaoiga wanasahau kilichotangulia. Brando alisomea uigizaji New York kwa Stella Adler, mwanamke aliyekutana Paris mwaka 1934 na Stanislavski mwenyewe, yule mwalimu mkuu wa uigizaji kutoka Urusi. Adler hakufundisha kuchimba majonzi yako ya utotoni. Alifundisha kujenga kwa akili mazingira ya mhusika: analala wapi, anakula nini, anamdai nani. Kuanzia Desemba 1947 Brando alicheza A Streetcar Named Desire jukwaani Broadway, usiku baada ya usiku, bila kibao chochote. Kabla ya filamu yake ya kwanza, The Men ya 1950, aliishi wiki kadhaa hospitalini na askari waliopooza miguu. Kati ya filamu za 1951 na 1954 aliteuliwa kuwania Oscar mara nne mfululizo, akaipata kwa On the Waterfront. Vibao vilikuja juu ya msingi huo. Anayeanza navyo anaezeka nyumba isiyo na kuta.

Kama ni lazima uvitumie, fanya hivi. Kwa umbali wa mita tatu, herufi ziwe na urefu wa sentimita nne au zaidi. Maneno manne au matano kwa mstari, mistari isizidi mitatu, ipangwe kwa safu nyembamba, kwa sababu ikiwa mipana mboni zinatembea kushoto kwenda kulia na kwenye picha ya karibu kila mtu anaona unasoma. Kibao kikae upande ule ule anaposimama unayezungumza naye, sawa na macho yake. Ukipiga ufukweni Shangani wakati wa kusi, gundisha karatasi kwenye ubao mgumu na uweke mtu wa kuushika, la sivyo upepo utaipinda katikati ya neno.

Hata ukifanya yote hayo sawasawa, kuna anayeumia. Mwenzako anaangaliwa kifua badala ya macho. Atakujibu kwa ufundi, lakini hana cha kujibu. Brando alikuwa na waigizaji wakubwa mbele yake walioweza kuvumilia hilo. Wewe una binamu yako.

Kuporomoka hakukuja siku moja. Mutiny on the Bounty ya 1962 ilibadilisha mwongozaji katikati, Carol Reed akatoka na Lewis Milestone akaingia, na gharama zikafika takriban dola milioni 19. Lawama nyingi zikamwangukia Brando. Muongo huo filamu zake nyingi hazikuingiza fedha. The Godfather ikamfufua, na hapo ndipo thamani ya jina lake ilipoipita kazi yake. Kwa Superman ya 1978 alilipwa dola milioni 3.7 pamoja na mgao wa mapato, kwa dakika chache za kuonekana.

Mwaka 1976 alifika Ufilipino kupiga Apocalypse Now akiwa mnene kuliko ilivyotarajiwa na hajajiandaa. Mwongozaji Coppola na mpiga picha Vittorio Storaro wakamvika nguo nyeusi, wakamweka gizani, taa moja ikigusa nusu ya kichwa kilichonyolewa. Picha ikatoka nzuri mno, na uzuri huo ukaleta hasara: watu wakaamini uzembe ni sehemu ya kipaji. Giza lile ni kazi ya Storaro. Apewe haki yake.

Baadaye vibao vikaacha nafasi kwa kifaa cha sikioni, msaidizi akimsomea mistari kutoka mbali. Hiki ni kibaya kuliko kibao. Kibao unakitazama unapotaka. Sauti ya sikioni inakuja kwa mwendo wa msomaji, na uso wako unaonekana wa mtu anayesubiri simu. Kwenye The Island of Dr. Moreau ya 1996 alikuwa nacho, na mwigizaji mwenzake David Thewlis amesimulia kwamba kilinasa hata redio za polisi.

Kuna deni moja ambalo ufundi haulipi. Kwenye filamu ya Last Tango in Paris, mwigizaji mwenzake Maria Schneider alikuwa na miaka 19. Tendo lenyewe liliigizwa, lakini siagi iliyotumika kwenye tukio la kubakwa ilikuwa wazo la asubuhi hiyo. Mwaka 2013 mwongozaji wake, Bertolucci, alikiri kwamba yeye na Brando walikubaliana wasimwambie, ili apate hisia za binti badala ya za mwigizaji. Schneider alisema machozi yake yalikuwa ya kweli na kwamba alihisi kudhalilishwa. Hapo hapakuwa na uongozaji. Tukio la mwili au la vipigo liandikwe lote, lifanyiwe mazoezi waigizaji wakiwa wamevaa nguo, kila mguso ukubaliwe, liwepo neno moja la kusimamisha kamera, na asiyehitajika atoke.

Ya nyumbani kwake, mwanawe kuua mtu mwaka 1990 na bintiye kujiua mwaka 1995, magazeti yameshayatafuna vya kutosha.

Ukitaka kujua kama kipaji kilikuwa kimekufa, tafuta A Dry White Season ya 1989, iliyoongozwa na Euzhan Palcy, kuhusu ubaguzi wa rangi Afrika Kusini. Alikubali malipo ya kima cha chini cha chama cha waigizaji. Anacheza wakili anayejua kesi ameshashindwa kabla haijaanza, na bado anauliza maswali yake polepole, kwa kejeli yenye adabu. Ni mzito, amechoka, ana miaka 60 na kitu, na mwili ule ule uliofichwa gizani Ufilipino hapa uko kwenye mwanga wote. Aliteuliwa tena kuwania Oscar.